Chavua inapogeuka kiinitete: joto huamsha jeni zipi?

Swali: "Daktari, ninafundisha biolojia kidato cha tano na sita huku Iringa. Mwanafunzi wangu amesoma kwamba chembe ya chavua ikitolewa kwenye ua changa, ikawekwa kwenye maji yenye virutubisho na kupashwa joto, inaweza kuwa kiinitete na hatimaye mmea mzima bila kukutana na yai. Mimi huwafundisha kwamba kiinitete hutokana na utungisho. Amenionyesha jedwali lenye mamia ya jeni ambazo nakala zake 'zilipanda' baada ya joto. Je, hizo zote ndizo jeni za kiinitete? Na joto linajuaje jeni ya kuwasha?"

Mwalimu, nianze na jedwali, maana hapo ndipo wengi wanapopotea, watafiti wakiwamo. Jeni nyingi kati ya hizo si za kiinitete. Ni jeni za seli inayojihami na joto, na zingepanda hata kama seli ile ingekufa kesho yake bila kugawanyika hata mara moja. Joto nalo halijui jeni yoyote. Linachofanya ni kuvuruga kazi ambayo chavua ilikuwa imekwisha kuianza, na kulegeza vizuizi vilivyofunga jeni za kiinitete. Jeni zenyewe zimo mle tangu mwanzo, kama zilivyomo kwenye jani na kwenye mzizi. Huo ndio msimamo wangu, na nitaueleza kwa kutumia zaidi kanola, mmea wa mafuta wa jamii ya kabichi, kwa sababu hakuna mmea uliochunguzwa kwa undani kuuzidi katika jambo hili.

Mwanafunzi wako aanzie Delhi. Mwaka 1964 Sipra Guha na Satish Chandra Maheshwari wa Chuo Kikuu cha Delhi walikuwa wakikuza vifuko vya chavua vya mmea wa datura katika maabara. Badala ya chavua iliyokomaa, waliona viinitete vinachomoza kutoka ndani ya vifuko. Swali la kwanza lilikuwa dhahiri: vimetoka kwenye chavua au kwenye kuta za kifuko? Kuta za kifuko ni tishu ya mmea mama, zina seti mbili za kromosomu. Datura ina kromosomu 24. Chavua ina nusu yake. Kufikia mwaka 1966 walikuwa wameonyesha kwamba mimea ile ilikuwa na kromosomu 12, yaani ilitoka kwenye chavua. Mwaka 1967 Jean-Pierre Bourgin na Jean-Pierre Nitsch wa Ufaransa walipata mimea ya tumbaku kwa njia hiyo, na mwaka 1968 Wajapani Niizeki na Oono wakaipata kwenye mpunga. Kwa hiyo jambo hili lina zaidi ya nusu karne. Kilichochelewa ni kujua nini kinatokea kwenye jeni.

Kwenye kanola hatua kubwa ilikuja mwaka 1982, pale Lichter wa Ujerumani alipoonyesha kwamba huhitaji kifuko kizima. Unaweza kutoa chembe zenyewe na kuzikuza zikielea. Kazi hiyo hufanyika hivi. Unachuma vitumba vya maua vyenye urefu wa milimita 3 hivi, ambavyo bado vimefumba na petali zake hazijaanza kuonekana. Unavisafisha kwa dawa ya klorini, unaviponda polepole kwenye kimiminika baridi, unachuja kwa wavu mwembamba wa nailoni, kisha unazungusha kwenye sentrifuji ili chembe zizame na takataka zibaki juu. Chini ya mrija utaona tabaka jembamba la rangi ya njano hafifu. Hizo ndizo chembe zako. Unaziweka kwenye maji ya virutubisho yenye sukari asilimia 13, kiasi ambacho kingeua seli nyingi za kawaida kwa kuzikausha, na unaziingiza kwenye kabati la joto la nyuzi 32 kwa siku chache. Baadaye unazihamishia kwenye nyuzi 25, gizani. Baada ya wiki mbili hivi utaona kwa macho nukta nyeupe zinazoelea, na kufikia wiki ya tatu baadhi zina kotiledoni, yaani majani ya kwanza ya mche, mbili kamili.

Sehemu inayonivutia zaidi ni hii: chembe zilezile, kutoka kitumba kilekile, kwenye maji yaleyale, ukiziweka kwenye nyuzi 18 huendelea kukomaa kuwa chavua ya kawaida. Tofauti ya hatima mbili, mbegu ya kiume au mmea mzima, inatokana na joto la siku chache tu. Ndiyo maana watafiti wa jeni walikimbilia kanola. Una makundi mawili yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa hatima, na unaweza kulinganisha RNA zake, yaani nakala zinazoandikwa jeni zinapowaka.

Umri wa chembe ni jambo la lazima. Dirisha ni fupi: chembe ikiwa na kiini kimoja kinachokaribia kugawanyika, au mara tu baada ya mgawanyiko huo wa kwanza. Kabla ya hapo haijawa tayari. Baada ya hapo imejifunga kuwa chavua, na kwa kawaida joto hilo haliigeuzi tena. Kwenye maendeleo ya kawaida, vakuoli kubwa, yaani kifuko cha maji ndani ya seli, husukuma kiini pembeni, na seli hugawanyika bila usawa: seli moja kubwa, ambayo baadaye itaotesha mrija, na moja ndogo ambayo itazaa mbegu mbili za kiume. Kutokuwa na usawa huko ndiko kunakoamua nani atakuwa nani. Sasa ongeza joto. Nyuzinyuzi za protini zinazoshikilia kiini pembeni huvunjika, kiini hurudi katikati, na seli hugawanyika nusu kwa nusu. Seli mbili zinazolingana. Si chavua tena kwa umbo, ingawa bado imevaa ganda la chavua.

Kutokana na hilo kulifanyika jaribio ambalo kila anayesoma jedwali la jeni anapaswa kulijua. Kemikali ya kolkisini huvunja nyuzinyuzi hizohizo bila joto. Watafiti nchini Kanada waliitumia kwenye chembe za kanola ya aina ya Topas, wakazikuza kwenye nyuzi 25, na wakapata viinitete. Kisha wakauliza swali ambalo watu walikuwa wamelipuuza. Chembe zilizopashwa joto hutengeneza kwa wingi protini zinazolinda seli dhidi ya joto, zile za familia ya HSP70 na ndugu zake wadogo. Kwa miaka mingi zilitajwa kama dalili, na wengine wakadhani ni chanzo, cha chavua kugeuka kiinitete. Kwenye chembe za kolkisini je? Jibu lilitoka mwaka 2003: viinitete vilipatikana bila protini hizo kupanda. Zilikuwa zinapanda kwa sababu ya joto, basi.

Mwambie mwanafunzi wako akumbuke hilo kila anapoona neno "zilipanda". Seli iliyochomwa kwa nyuzi 32 itaandika nakala nyingi za jeni za kujikinga. Seli iliyonyimwa chakula, kama wafanyavyo wataalamu wa tumbaku, au iliyowekwa kwenye manitoli, aina ya sukari ambayo seli haiwezi kuitumia kama chakula, kama wafanyavyo wa shayiri, itaandika nakala za jeni za kuvunja wanga na protini zake ili isife. Kwenye shayiri tunaona hasa hivyo: jeni za kumeng'enya wanga, za kuvunja protini kuukuu, na za kuzuia seli isijiue. Zote zina maana. Seli inayotaka kubadilisha kazi lazima kwanza ifagie protini na RNA za kazi ya zamani, na lazima ibaki hai wakati inafagia. Lakini kubaki hai ni sharti tu. Seli nyingi hutimiza sharti hilo na bado hazifiki kokote.

Sasa tuingie kwenye jeni za kiinitete zenyewe. Ukifuatilia kanola siku kwa siku, utaona mambo mawili yakienda sambamba. Kwanza, jeni za chavua huzimika: zile za kujenga ganda, za vimeng'enya vya pektini ambavyo mrija wa chavua utavihitaji, za kujiwekea akiba ya kuotea. Watu hupenda kusimulia zilizowaka na kusahau zilizozimika, na mimi naona hilo ni kosa. Chembe ambayo haikuzima jeni za chavua haiwi kiinitete, hata ikigawanyika mara mbili tatu. Utaiona chini ya hadubini ikisimama kwenye seli nne au sita, imejaa chembechembe, kisha inasinyaa.

Pili, kuna kundi dogo la jeni zinazoongoza jeni nyingine. Ya kwanza kuitaja ni BABY BOOM, kwa kifupi BBM. Hii ilipatikana kwenye kazi hiihii ya chavua. Kundi la Kim Boutilier la Wageningen, Uholanzi, lililinganisha RNA za chembe za kanola zilizokuwa njiani kuwa viinitete na zile zisizokuwa njiani, wakaondoa zote zilizofanana, na kati ya zilizobaki ikawamo jeni hii. Ripoti yao ya mwaka 2002 ilikuwa na picha ambazo nakumbuka nilizitazama kwa muda mrefu: miche michanga ya arabidopsi, mmea mdogo wa maabara wa jamii ya kabichi, iliyolazimishwa kuwasha BBM wakati wote, na kwenye kingo za kotiledoni zake vimeota viinitete vingine vidogo, bila chavua, bila yai, bila joto. Hapo ndipo unapopata ushahidi wa kweli. Jeni iliyopanda kwenye jedwali ni mshukiwa tu. Jeni ambayo ukiiwasha peke yake mahali pasipo pake huleta kiinitete, hiyo ina mamlaka.

BBM haifanyi kazi peke yake. Protini yake hushika DNA ya jeni nyingine na kuziamsha, zikiwamo LEC1, LEC2, FUS3, ABI3 na AGL15. Kazi iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba ukiharibu jeni za kundi hilo, uwezo wa BBM wa kuzalisha viinitete hupungua au hupotea. LEC1 inafundishika vizuri darasani, kwa sababu kasoro yake inaonekana kwa macho. Kwenye arabidopsi isiyo na LEC1 inayofanya kazi, kotiledoni huota vinyweleo kama majani ya kawaida. Maana yake, bila LEC1 kiinitete hakijui vizuri kwamba ni kiinitete. Kinaanza kujifanya mche. Na ukiiwasha LEC1 kwenye majani, unapata vitu vyenye umbo la kiinitete juu ya jani. BBM, LEC1 na LEC2 ndizo ninazozitazama kwanza ninapopewa jedwali la chembe za kanola za siku chache za mwanzo. Zikiwa kimya, sijali mamia mengine yanasema nini.

Kuna jeni nyingine isiyo na mamlaka yoyote lakini inayonistaajabisha. Napini ni protini ya akiba ya mbegu ya kanola. Kazi yake ni kukaa kwenye mbegu iliyokomaa, mwishoni kabisa mwa ukuaji wa kiinitete, ili mche upate chakula wakati wa kuota. Mwaka 1994 iligunduliwa kwamba jeni za napini za aina fulani huwaka kwenye chembe za chavua katika kipindi kilekile cha kupashwa joto, kabla hata hakijaonekana kitu cha kuitwa kiinitete. Seli bado imo ndani ya ganda la chavua, ina upana wa sehemu ndogo sana ya milimita, na tayari inaandika maelekezo ya chakula cha mbegu. Kwangu hiyo ni dalili kwamba kinachofunguka si jeni moja moja kwa mpangilio wa upole. Kinafunguka chumba kizima, na vingine vinatoka kabla ya zamu yake.

Basi chumba hicho kilifungwa na nini? Hapa ndipo swali lako la pili linapopata jibu, na jibu lake halimo kwenye mfuatano wa DNA. Limo kwenye namna DNA ilivyofungashwa. DNA ya mmea imezungushwa kwenye protini zinazoitwa histoni. Histoni zikibandikwa vikundi vya asetili, DNA hulegea na jeni zilizopo hapo huweza kusomwa. Kuna vimeng'enya vinavyovibandua vikundi hivyo, vinaitwa kwa kifupi HDAC, na vikibandua, DNA hukaza na jeni hunyamaza. Mwaka 2014 kundi lilelile la Wageningen liliweka kwenye chembe za kanola kemikali ya trikostatini A, ambayo huzima vimeng'enya hivyo. Idadi ya chembe zilizoacha njia ya chavua na kuanza kukua kama kiinitete iliongezeka sana. Joto lilisaidia zaidi, lakini halikuwa la lazima. Histoni za chembe hizo zilionekana kweli zimejaa asetili. Kilichoshangaza zaidi ni arabidopsi, ambayo kwa miaka yote ilikuwa imekataa katakata kutoa viinitete kutoka kwenye chavua iliyokuzwa maabara: ilipowekewa trikostatini, chembe zake nazo zilianza kugawanyika na kuunda vifundo vya seli za kiinitete.

Fikiria mlango uliokomelewa kwa ndani. HDAC ni komeo. Trikostatini inaling'oa komeo lenyewe. Joto linautikisa mlango wote mpaka komeo linalegea, na ndiyo maana linafanya kazi kwenye aina fulani za mimea na kushindwa kwenye nyingine: milango haikukomelewa kwa nguvu sawa. Watafiti wale walipendekeza hasa hivyo, kwamba mishtuko tunayotumia maabara hufanya kazi yake kwa kupitia njia hii ya HDAC. Mimi nakubaliana nao, ingawa komeo si hilo moja tu. Kuna mfumo mwingine, wa protini za Polycomb, ambao hutia alama nyingine kwenye histoni na kuzifunga jeni za kiinitete baada ya mbegu kuota. Arabidopsi iliyopoteza vimeng'enya viwili vya mfumo huo, CLF na SWN, haiwezi kuwa mche wa kawaida. Inageuka bonge la seli, na juu ya bonge hilo huota viinitete. Kwa hiyo kila seli ya mmea mkubwa inatumia nguvu kila siku kujizuia isiwe kiinitete. Chavua si ya ajabu kwa kuwa na uwezo huo. Upekee wake ni kwamba, katika saa chache za umri wake, kizuizi chake ni chepesi kulegezwa.

Kwa nini chavua, lakini? Mpunga ulitupa sehemu ya jibu mwaka 2019. Imtiyaz Khanday, Venkatesan Sundaresan na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza BBM1, ndugu wa BBM kwenye mpunga. Waliona kwamba mara baada ya utungisho wa kawaida kabisa, nakala ya BBM1 inayowaka kwanza ndani ya zigoti, yaani yai lililotungishwa, ni ile iliyoletwa na baba. Yai halijaiwasha ya kwake. Mimea iliyoharibiwa jeni tatu za BBM ilipata mbegu ambazo viinitete vyake vinakwama, lakini baba akileta BBM1 nzima, kiinitete kiliokoka. Kisha wakaiwasha BBM1 kwenye yai lisilotungishwa, na baadhi ya mayai yakaanza kuwa viinitete yenyewe. Mwaka 2015 jambo la namna hiyo lilikuwa limeonyeshwa kwenye uwele, kwa jeni ya familia hiyohiyo iliyotolewa kwa ndugu yake wa porini.

Kwa hiyo somo lako darasani halikuwa kosa, Mwalimu, ila linahitaji nyongeza. Utungisho huleta mambo mawili kwa pamoja: seti ya pili ya kromosomu, na amri ya kuanza. Tulizoea kuyafikiria kama jambo moja. Chavua iliyopashwa joto imetuonyesha kwamba yanatenganishika. Amri inaweza kutolewa bila seti ya pili, na kiinitete chenye kromosomu 19 za kanola badala ya 38 kikajengeka kwa umbo lilelile, duara, kisha moyo, kisha torpedo, kisha kotiledoni.

Bado nina onyo moja kuhusu jedwali. Hata kwenye Topas, ambayo ni mkarimu kuliko aina nyingi za kanola, chembe nyingi hazigeuki. Nyingine hufa, nyingine huendelea kuwa chavua, nyingine hugawanyika kidogo na kukwama. Ukisaga chupa nzima na kupima RNA, umepima wastani wa maiti, wagonjwa na wachache waliofanikiwa. Jeni iliyowaka kwa nguvu kwenye hao wachache inaweza kuonekana imepanda kidogo tu, na jeni ya mfadhaiko iliyowaka kwa wote itakaa kileleni mwa orodha. Sikatai majedwali, nimejifunza mengi kwayo. Lakini nayaamini zaidi pale yanapofuatwa na njia ya kutazama seli moja moja. Kwenye kanola hufanywa kwa kuunganisha jeni ya LEC1 na protini inayong'aa kijani. Chembe inayoingia kwenye njia ya kiinitete hung'aa, jirani yake aliyebaki chavua hubaki mweusi, na unaweza kumfuata kila mmoja mpaka mwisho wake.

Matumizi yake nayataja kwa ufupi, maana wanafunzi watauliza. Mmea wenye seti moja ya kromosomu ni tasa, lakini ukiuongezea kromosomu mara mbili, mara nyingi kwa kolkisini, unapata mmea ambao kila jeni yake ina nakala mbili zinazofanana kabisa. Kwa njia ya kawaida ungelazimika kuujichavusha kizazi baada ya kizazi, sita, saba au zaidi, ili kukaribia hapo. Wazalishaji wa mbegu za shayiri, ngano na kanola huitumia sana. Kwenye nafaka kuna kero moja kubwa: mingi ya miche inayotoka kwenye chavua huwa myeupe, haina klorofili, na hufa. Jamii ya kunde, maharage yetu yakiwamo, inatoa viinitete vya chavua kwa shida sana.

Kwetu Afrika Mashariki mfano mkubwa ni wa mahindi, lakini hapo njia ni nyingine, na wanafunzi wasichanganye. Kituo cha Kiboko, Makueni nchini Kenya, kilichofunguliwa mwaka 2013 na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, huzalisha mahindi ya aina hii kwa wingi. Hawakuzi chavua kwenye chupa. Hupandisha mahindi kwa chavua ya aina maalumu, na baadhi ya mbegu zinazotokea huwa na kiinitete chenye kromosomu za mama peke yake, yaani 10. Rangi ya zambarau kwenye punje huwasaidia kuzichambua kwa mkono: kiinitete kisicho na zambarau ndicho wanachokitafuta. Mwaka 2017 makundi matatu ya watafiti yalitambua jeni iliyoharibika kwenye chavua hiyo, inayoitwa MATRILINEAL. Ni jeni ya kimeng'enya cha mafuta ya utando, na hufanya kazi kwenye chavua. Huku Kiboko kiinitete ni cha upande wa yai; kule kwenye kanola ni cha chavua yenyewe.

Mwisho, ikiwa shule yako ina hadubini, kuna jambo la kufanya. Huwezi kufanya kazi ya chupa bila chumba safi, lakini unaweza kuwaonyesha wanafunzi lile dirisha la umri, ambalo ndilo moyo wa jambo lote. Acha chainizi au loshuu chache bustanini zitoe maua. Chainizi ni ndugu wa damu wa kanola: kanola ilitokana na kuchanganyika kwa spishi ya chainizi, yenye seti ya kromosomu 10, na spishi ya kabichi na sukuma wiki, yenye 9, ndiyo maana ina 19. Chuma kishada kimoja na upange vitumba kwa urefu, kuanzia milimita 2 hadi 5, ukivipima kwa rula. Fungua kila kimoja kwa sindano, toa kifuko kimoja cha chavua, kiweke kwenye tone la asetokamini, rangi nyekundu inayotia viini rangi, kipondeponde, ondoa maganda, funika kwa kioo chembamba na upashe joto kidogo juu ya moto wa spiriti bila kuchemsha. Tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Kwenye vitumba vidogo kabisa utaona seli nne nne zimeshikana, au chembe changa zenye kiini katikati. Mbele kidogo, vakuoli imejaa na kiini kimoja kimesukumwa ukutani. Chembe za hapo ndizo ambazo maabara ingezichukua. Kwenye vitumba vikubwa ganda limekuwa nene na rangi huingia kwa shida, lakini ukiwa na subira utaona viini viwili, na baadaye vitatu. Waache wanafunzi wachore kila hatua pamoja na urefu wa kitumba chake, kisha uwaulize ni vya urefu gani wangevipeleka kwenye nyuzi 32.